Shule ya Stowe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jumba la mashambani lililogeuzwa shule ya bweni

Stowe ni shule ya bweni iliyo karibu na mji mdogo wa Buckingham, kaskazini magharibi mwa London. Wanafunzi wake husoma na kula katika jumba ambalo kwa zaidi ya karne mbili lilikuwa makao ya ukoo mmoja wenye mali na usemi mkubwa katika siasa za Uingereza. Historia yake imebeba ukwasi, madeni, utumwa, vita na uokoaji wa majengo, na ndiyo maana maswali juu yake hayaishi.

Shule ilifunguliwa lini?

Tarehe 11 Mei 1923, ikiwa na wavulana 99. Kwa hesabu za Waingereza hiyo ni shule changa sana, kwani Winchester ilianzishwa mwaka 1382 na Eton mwaka 1440. Mgeni akifika na kuona nguzo, ngazi na kuba la ukumbi mkuu hudhani shule ina umri wa jengo. Jengo limeitangulia shule kwa karibu miaka 250.

Jumba lilijengwa na nani?

Ukoo wa Temple. Walianza kama wafugaji wa kondoo, zama ambazo sufu ndiyo iliyokuwa ikiitajirisha Uingereza. Peter Temple alikodi ardhi ya Stowe mwaka 1571, na kizazi kilichofuata kikainunua. Sir Richard Temple akajenga nyumba ya matofali kati ya mwaka 1677 na 1683, nayo bado imo ndani ya jumba la sasa, imefunikwa na yote yaliyoongezwa baadaye.

Aliyelikuza jumba ni mwanawe, naye pia Richard, anayejulikana zaidi kama Lord Cobham (1675–1749). Alikuwa mwanajeshi aliyepigana chini ya Duke wa Marlborough, kisha akaoa binti wa tajiri wa kiwanda cha bia. Heshima ya vita na fedha za mkewe zikamwezesha kuita mafundi bora wa zama zake: Charles Bridgeman wa bustani, John Vanbrugh, James Gibbs na William Kent wa majengo. Hakuwa na mtoto, mali ikaenda kwa mpwa wake, Richard Grenville. Huyo ndiye aliyeupa upande wa kusini sura inayopigwa picha hadi leo, kwa mchoro ulioanzia kwa Robert Adam na kurekebishwa na Thomas Pitt. Ukumbi wa marumaru ulio katikati, wenye umbo la yai na kuba juu yake, ulikamilika mwaka 1788.

Kwa nini bustani za Stowe husemwa kuwa za kisiasa?

Kwa sababu zilitengenezwa na mtu mwenye hasira, naye alitaka hasira hiyo ionekane. Mwaka 1733 Lord Cobham aligombana na Waziri Mkuu Robert Walpole juu ya mswada wa ushuru wa bidhaa, akanyang'anywa kikosi chake cha jeshi. Akarudi nyumbani na kugeuza shamba lake kuwa uwanja wa upinzani. Vijana wa kisiasa waliomzunguka, akiwemo William Pitt aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, walipewa jina la watoto wa simba wa Cobham.

William Kent alimjengea Hekalu la Maadili ya Kale, duara kamili lisilo na kasoro, na ndani yake sanamu za Wagiriki wa kale Homer, Socrates, Lycurgus na Epaminondas. Jirani yake likajengwa Hekalu la Maadili ya Kisasa, na hili lilijengwa likiwa gofu tangu mwanzo, na ndani yake sanamu isiyo na kichwa. Watu wa wakati ule walisema sanamu ile ni Walpole. Ng'ambo ya kijito kuna ukuta wenye sanamu 16 za vichwa vya watu ambao Cobham aliwaona mashujaa wa taifa: Mfalme Alfred, Malkia Elizabeth wa Kwanza, Shakespeare, Milton, Newton, Locke na wengine. Mtu aliyetembea kutoka kituo kimoja hadi kingine alikuwa anasomeshwa msimamo wa mwenyeji wake, apende asipende.

Ndipo alipokuja Lancelot Brown mwaka 1741 kuwa mkuu wa watunza bustani. Alikuwa kijana. Alioa katika kanisa la Stowe, na kabla ya kuondoka mwaka 1751 alikuwa amelichonga bonde zima kwa majembe na mikokoteni. Mtindo wake wa nyanda za majani zinazoonekana kana kwamba hakuna aliyezigusa ulienea Ulaya yote. Mwaka 1786 Thomas Jefferson na John Adams, ambao baadaye wote wawili walikuwa marais wa Marekani, walifika kuzitazama. Watalii walikuwa wengi tangu mapema: Cobham alijenga nyumba ya wageni mwaka 1717 kwa ajili yao, na mwaka 1744 kitabu cha kuwaongoza watembezi kilichapishwa.

Kanisa lipo, lakini kijiji kiko wapi?

Kiliondolewa. Palikuwa na kijiji cha Stowe, na watu wake walihamishwa kadiri bustani ilivyopanuka. Lililobaki ni kanisa la karne ya 14, limezungukwa na miti iliyopandwa kwa makusudi ili lisionekane sana kutoka jumbani. Jambo hili linastahili kukumbukwa kila tunaposifu mandhari yale. Uzuri wa mahali pale una watu walioupisha, na majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote.

Je, fedha za utumwa zilihusika?

Ndiyo, na jibu hili lina pande mbili ndani ya familia moja.

Mwaka 1796 mrithi wa Stowe alimwoa Anna Eliza Brydges, mtoto wa pekee wa Duke wa Chandos. Kwa ndoa hiyo familia ikapata shamba la miwa la Hope nchini Jamaica, pamoja na Waafrika waliokuwa wakifanyishwa kazi humo kama watumwa. Mtoto wa ndoa ile, aliyekuja kuwa Duke wa pili wa Buckingham na Chandos, alikuwa miongoni mwa waliosimama Bungeni kutetea maslahi ya wenye mashamba ya visiwa vya Karibi. Serikali ya Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki, na Duke huyo alipata sehemu yake. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu. Sehemu ya shamba lile leo ni bustani ya mimea ya Hope mjini Kingston.

Upande wa pili ni William Grenville, ndugu wa aliyekuwa mmiliki wa Stowe. Huyu alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1806 na 1807, na serikali yake ndiyo iliyopitisha sheria ya mwaka 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza. Yeye mwenyewe aliiongoza hoja hiyo kwenye Baraza la Malodi. Kwa hiyo ukoo uliotoa mtu wa kuifunga biashara ile ndio uliotoa, kizazi kimoja baadaye, mtu wa kulipwa kwa ajili ya watu aliowamiliki. Ukitaja wa kwanza, sharti umtaje na wa pili. Wengi wanaoisimulia Stowe hutaja mmoja tu.

Familia tajiri namna ile ilifilisikaje?

Kwa kutumia kuliko ilivyopata, na kukopa ili kununua ardhi ambayo mapato yake hayakufikia riba ya mkopo. Duke wa pili alirithi mwaka 1839, mali ikiwa tayari ina madeni. Januari 1845 Malkia Victoria na mumewe Prince Albert walialikwa Stowe, na vyumba vikapambwa upya kwa gharama kubwa kwa ajili yao. Miaka miwili baadaye wadai walikuwa wameingia nyumbani. Deni lilizidi pauni milioni moja, kiasi ambacho kwa zama zile kilishtua nchi nzima.

Agosti 1848 kampuni ya mnada ya Christie's ikaanza kuuza vilivyomo, na kazi hiyo ikachukua siku 40. Samani, michoro, vyombo vya fedha, sanamu na mvinyo wa ghalani, vyote vilipitishwa mbele ya wanunuzi. Zikapatikana takriban pauni 75,000, tone tu mbele ya deni lile. Miongoni mwa vilivyouzwa ni picha ya Shakespeare inayojulikana kwa jina la Chandos, inayodhaniwa kuwa ndiyo iliyochorwa akiwa hai. Aliyeinunua, Lord Ellesmere, aliitoa mwaka 1856 iwe picha ya kwanza ya Jumba la Taifa la Picha za Watu jijini London, na iko huko hadi sasa. Duke mwenyewe alifia hotelini, karibu na stesheni ya Paddington, mwaka 1861.

Mwanawe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Aliajiriwa kuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya reli, akapunguza madeni kidogo kidogo na kulifungua jumba tena. Alifariki mwaka 1889 bila kuacha mtoto wa kiume, na cheo cha Duke kikafa naye. Binti yake, Lady Kinloss, akarithi jumba asiloweza kulimudu. Likapangishwa kwa Comte de Paris, mjukuu wa mfalme wa mwisho wa Ufaransa, ambaye alifia humo mwaka 1894.

Ilikuwaje jumba likauzwa mwaka 1921?

Mtoto mkubwa wa Lady Kinloss, aliyekuwa arithi Stowe, aliuawa vitani nchini Ubelgiji Desemba 1914. Baada ya vita mdogo wake, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, hakuwa na uwezo wa kulitunza. Na hakuwa peke yake. Bei za mazao zilishuka tangu miaka ya 1870, kodi ya mirathi ilianzishwa kwa umbo lake jipya mwaka 1894, na vita vilichukua vijana wa kurithi pamoja na wale waliokuwa wakifua, wakipika na kupalilia. Katika karne ya 20 mamia ya majumba ya mashambani yalibomolewa Uingereza. Madini ya risasi ya paa, mbao na mawe yaliuzwa kwa uzito.

Mnunuzi wa mwaka 1921, Harry Shaw, alitaka kulitoa jumba kwa taifa, ila hakuwa na fedha za kulitunza, na bila fedha hizo zawadi haikupokelewa. Likarudi sokoni mwaka uliofuata. Hapa ndipo palipokuwa na hatari halisi: wanunuzi waliojitokeza kwa kawaida katika minada kama ile walikuwa wavunjaji wa majengo. Msanifu Clough Williams-Ellis, ambaye baadaye alijenga kijiji cha Portmeirion huko Wales, alitoa fedha zake mwenyewe kuinunua barabara kuu ya miti inayotoka Buckingham, isije ikajengwa nyumba pande zote mbili. Akawa msanifu wa kwanza wa shule.

Nani hasa aliianzisha shule?

Watu wawili ambao ni vigumu kuwafikiria katika meza moja.

Wa kwanza ni Percy Warrington, kasisi wa kijiji cha Monkton Combe karibu na Bath. Alikuwa Mprotestanti mkali aliyetaka shule zenye kushika mafundisho yake, na alikuwa na kipaji cha ajabu cha kukopa. Kwa kipindi kifupi alijenga mtandao wa shule, nyingi zikiwa ndani ya majumba yaliyokuwa yakiuzwa rahisi. Miaka ya 1930 mikopo hiyo ilikaribia kuuzamisha mtandao wote, hadi kampuni ya bima ya Legal & General ilipoingilia kati na Warrington akaondolewa.

Wa pili ni J. F. Roxburgh, mwalimu aliyetoka shule ya Lancing, akawa mkuu wa Stowe tangu siku ya kwanza hadi mwaka 1949. Yeye ndiye aliyeipa shule roho yake. Katika shule za aina ile mvulana aliitwa kwa jina la ukoo, na walimu waliwakalia wanafunzi mbali. Roxburgh aliyajua majina yao ya kwanza na kuyatumia. Alivaa vizuri, alifundisha mashairi ya Kifaransa, na alishikilia kwamba kijana anayekulia mahali pazuri atautambua uzuri maisha yake yote. Kauli hiyo ingeweza kubaki mapambo ya hotuba. Kwake ilikuwa sera: wavulana waliruhusiwa kuzunguka bustani, kupanda baiskeli, kufuata mambo waliyoyapenda. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa la Stowe kuliko orodha ya wahitimu mashuhuri.

Mwandishi T. H. White, anayekumbukwa kwa hadithi zake za Mfalme Arthur, alifundisha Kiingereza chini yake tangu mwaka 1932 hadi 1936, kisha akahamia kwenye nyumba ndogo ya mlinzi wa wanyama katika msitu wa jirani na kuandika.

Je, ni kweli shule iliharibu hekalu moja la bustani?

Ni kweli, na inauma. Shule ilihitaji kanisa kubwa. Malkia Mary aliweka jiwe la msingi mwaka 1927, mchoro ukiwa wa Sir Robert Lorimer, na jengo likafunguliwa mwaka 1929. Ili kupata nguzo za ndani, nguzo 16 ziling'olewa kutoka Hekalu la Maafikiano na Ushindi, moja ya majengo bora ya bustani ile, na matofali yakajengwa mahali pa nguzo hizo. Walioamua hivyo walikuwa na hoja: hekalu lilikuwa linachakaa, na shule haikuwa na fedha za kulitengeneza. Hata hivyo ni uharibifu. Katika miaka ya 1990 shirika la National Trust lilichonga nguzo mpya na kuzirudisha.

Kabla ya kuilaumu shule, tazama upande wa pili wa mizani. Kwa zaidi ya miaka 60 ada za wazazi ndizo zilizoziba mapaa ya jumba na ya mahekalu, na wanafunzi wenyewe walishika majembe na mapanga kusafisha vichaka na maziwa. Paa la jumba kubwa halisubiri bajeti. Bila shule, kuna uwezekano mkubwa leo tungekuwa tunaisoma Stowe kwenye michoro tu.

Maisha ya mwanafunzi yalikuwaje ndani ya jumba?

Kulikuwa na fahari na kulikuwa na baridi. Vyumba vya wageni vya zamani vilipangwa vitanda vya chuma, sebule zikawa madarasa na kumbi za kulia, maktaba ikabaki maktaba. Mabweni yalipewa majina ya familia na jamaa zao: Bruce, Temple, Grenville, Chandos, Cobham, Chatham. Kila bweni lilikuwa na msimamizi wake, viranja wake na timu zake za michezo. Mtu aliyelala kwenye shule ya bweni popote Afrika Mashariki atautambua mpango huo mara moja.

Hiyo ina maana shule zetu za bweni zimetokana na shule kama Stowe?

Zimetokana na mfumo ule ule, ila Stowe haikuwa chanzo. Shule kadhaa za kwetu ni kongwe kuiliko au rika lake: King's College Budo nchini Uganda ilianzishwa mwaka 1906, na Alliance High School nchini Kenya mwaka 1926. Shule ya Tabora, alikosoma Julius Nyerere, iliwekwa kwa ajili ya watoto wa machifu. Walimu wa Kiingereza waliokuja kuzifundisha walikuwa wamelelewa katika mfumo wa mabweni, viranja, paredi na mashindano ya michezo, wakauleta kama walivyoujua. Carey Francis, aliyeongoza Alliance tangu mwaka 1940 hadi 1962, alitoka Chuo Kikuu cha Cambridge.

Tofauti kubwa ilikuwa katika lengo. Stowe iliwaandaa watoto wa wenye nacho kushika nafasi walizotegemewa kushika. Shule za kikoloni ziliundwa kutoa makarani, walimu na wasaidizi wa utawala, na wengi wa vijana hao wakaja kuuondoa utawala wenyewe. Mfumo ulikuwa mmoja, matokeo yakaenda njia ambayo wenye mfumo hawakuipanga.

Ni watu gani mashuhuri waliosoma Stowe?

Mwigizaji David Niven alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Prince Rainier wa Tatu wa Monaco alipita pale. Richard Branson aliondoka akiwa na miaka 16 hivi na kuanzisha gazeti la wanafunzi mwaka 1968, kabla ya biashara zake za Virgin. Mwigizaji Henry Cavill naye alisoma pale.

Wawili wanahitaji zaidi ya mstari mmoja. Nicholas Winton alikuwa kati ya wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza, 1923. Mwaka 1939, akiwa dalali kijana wa soko la hisa, aliratibu safari za treni zilizowatoa watoto 669, wengi wao Wayahudi, kutoka Czechoslovakia kabla vita havijaanza. Alinyamaza juu ya kazi hiyo kwa karibu nusu karne, na aliishi hadi mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 106.

Leonard Cheshire alimaliza Stowe mwaka 1936, akawa rubani wa ndege za mabomu na kupewa nishani ya ushujaa ya Victoria Cross mwaka 1944. Tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa angani kama mtazamaji wakati bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki. Mwaka 1948 alimchukua nyumbani kwake mtu mgonjwa asiyekuwa na pa kwenda, na kutoka hapo yakakua makazi ya watu wenye ulemavu yaliyoenea nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Hiki ndicho kiungo cha karibu zaidi kati ya Stowe na Afrika Mashariki, na kina maana kwa watu waliopata kitanda na huduma humo.

Wasichana waliingia lini?

Mwaka 1974 kwa madarasa mawili ya juu. Shule nzima ikawa ya wavulana na wasichana mwaka 2005.

Kuna majumba mengine yaliyopata bahati hii?

Yapo mengi. Canford, katika jimbo la Dorset, ilifunguliwa kuwa shule mwaka 1923 hiyo hiyo, nayo ni kazi ya Warrington. Westonbirt na Bryanston zikafuata mwaka 1928. Canford ina kisa chake: ukutani kwenye duka la vitafunwa la wanafunzi palikuwa na mchongo wa jiwe uliodhaniwa kuwa nakala. Ukachunguzwa, ikabainika ni kazi halisi ya Waashuru iliyoletwa kutoka Nimrud, nchi ya Iraki ya leo, na mwaka 1994 ukauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7. Shule ikajenga kwa fedha hizo. Swali la nani alipaswa kuumiliki mchongo uliotoka Iraki ni zito, na mnada haukulijibu.

Nani anamiliki Stowe leo?

Umiliki umegawanyika, na mgawanyo huo ndio umeliokoa jumba kwa mara ya pili. Mwaka 1989 shule ilikabidhi bustani kwa National Trust, baada ya kukubali kwamba mahekalu na minara ya kumbukumbu zaidi ya 40 ni mzigo usiobebeka kwa ada za wanafunzi. Mwaka 1997 ikaundwa amana ya kulihifadhi jumba. Amana hiyo ndiyo inayolimiliki, na shule ni mpangaji wake wa muda mrefu. Ukarabati umefanyika hatua kwa hatua: upande wa kaskazini, ukumbi wa marumaru, maktaba, upande wa kusini. Baadhi ya vitu vilivyotawanywa na minada vinafuatiliwa. Simba wawili wa madini ya risasi waliouzwa mwaka 1921 walikwenda kukaa katika bustani ya umma mjini Blackpool. Wakatengenezwa, na mwaka 2013 nakala zao zikawekwa kwenye ngazi za Stowe.

Je, mtoto wa kawaida anaweza kusoma pale?

Ada ni kubwa mno kwa familia nyingi, hata za Kiingereza, na tangu tarehe 1 Januari 2025 ada za shule binafsi Uingereza zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Shule hutoa misaada ya ada na nafasi za wenye vipaji, lakini waombaji ni wengi. Mzazi aliye Afrika Mashariki anayeifikiria Stowe ahesabu pia viza, nauli na mlezi wa kumpokea mtoto wakati wa likizo fupi, na aiulize shule moja kwa moja kabla ya kumlipa wakala yeyote.

Nikiwa Uingereza naweza kuitembelea?

Unaweza. Bustani zinasimamiwa na National Trust na huingiwa kupitia ile nyumba ya wageni ya mwaka 1717, iliyokarabatiwa kuwa kituo cha wageni. Jumba hufunguliwa kwa siku zake, zaidi nyakati ambazo wanafunzi wako likizo, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kukata tiketi ya treni. Kutoka London watu wengi hushuka Milton Keynes au Bicester, kisha hupanda basi au teksi hadi Buckingham. Valia viatu vya kutembea, kwa sababu eneo ni ekari 250 hivi na majani yake hulowa hata kiangazi. Kama una saa tatu tu, anza na Bonde la Kigiriki la Brown, shuka kwenye sanamu 16 za mashujaa, vuka daraja la Palladio, na ulitazame jumba kutoka upande wa kusini, ng'ambo ya ziwa. Mpenzi wa Formula 1 ajue kwamba uwanja wa Silverstone uko jirani, na kona yake iitwayo Stowe ilipewa jina la shule hii.